Sosi Nyeusi ya Tororo

Ukimuuliza Wilkister, Kulusumu alijitupa makusudi.

"Nilikuwa hapa hapa," Wilkister huwaambia wateja wake wa mitumba, suruali tatu begani na pini mdomoni. "Kijana amekuja na gunia lake, amejinyamazia. Msichana akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaona huyu ndiye. Puu! Kifuani! Na akianguka anasema, 'Nikamate, mpenzi.' Aki nilisikia na masikio yangu yote mawili."

Hayo ni ya Wilkister. Mama Cate, kama wengi wamwitavyo, hutoka Busia ya Kenya kila asubuhi na robota lake la nguo, akavuka kuja kuuza upande wa Uganda, na kila habari anayovuka nayo jioni kurudi kwake huwa imenenepa.

Yaliyotokea ni haya. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo barabara ya mpakani hujaa mpaka mtu hajui kama anatembea au anasukumwa. Kulusumu alikuwa amebeba sinia kichwani, sahani sita za chakula cha mawakala wa forodha, amevaa dera la kijani na mtandio wa rangi ya chungwa. Kutoka upande wa geti la Kenya ikashuka baiskeli ya magurudumu matatu ya mzee Osborn, imejazwa katoni za sabuni hadi mzee mwenyewe haonekani, sauti yake tu: "Breki hakuna! Jamani, breki hakuna!" Watu wakaruka. Kulusumu naye akaruka, na pale aliporukia palikuwa na kijana mwenye gunia.

Wali haukumwagika hata punje. Hiyo ndiyo hoja yake hadi leo: mwanamke anayejitupa kwa mwanamume atashikaje sinia la sahani sita? Kilichopasuka ni gunia.

"Pole, dada," kijana akasema kutoka chini.

"Pole wewe. Mimi niko wima."

Akainuka akijipangusa. Shati lake lilikuwa jeupe, kola imepigwa pasi ikakaa kama ubao, lakini miguuni alikuwa na buti za mpira zenye udongo mwekundu. Juu karani, chini mkulima. Kulusumu akatazama mboga zilizotapakaa barabarani, akaokota moja kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado kwenye sinia.

"Hii ni kabichi?"

"Ni kabichi."

"Mbona imekonda hivi? Inaumwa?"

"Haiumwi, dada. Ni ya Wachina. Baba yangu analima Dabani, mimi napeleka. Tororo, Kampala, na hilo gunia lilikuwa linapanda basi la Nairobi."

"Kwa hiyo hoteli za Wachina unazijua?"

Kijana akaitazama ile rangi ya chungwa ya mtandio, akautazama uso uliokuwa ndani yake, akasahau kama gunia lake liko barabarani.

"Zote," akasema.

Jina lake lilikuwa Nasrudin, na hilo neno "zote" ndilo lililokuja kumponza.

*

Kulusumu alikuwa na miaka ishirini na minne. Alisoma mpaka darasa la saba, ada ikakatika, akaingia jikoni kwa shangazi yake Hamidah, mwenye hoteli ya mabenchi manne karibu na maegesho ya malori. Hakuwa msemaji sana, lakini macho yake hayakulala. Alijua njaa ya mteja kwa namna anavyovuta benchi. Alijua dereva aliyegombana na mkewe kwa namna anavyochokoa maharage.

Kwa wanaume, macho hayo yaliwahi kumsaliti mara moja. Mwaka juzi alichumbiwa na dereva mmoja wa Malaba, mtu wa manukato na ahadi. Siku ya wazee kuja, pilau ikiwa motoni, ikapigwa simu kutoka Eldoret: mke, watoto watatu, na wa nne njiani. Pilau ikaliwa na majirani. Wilkister alikula sahani mbili akilia. Toka siku hiyo Kulusumu alijiwekea sheria: maskini nitamvumilia, mwenye hasira nitamnyamazia, mwongo sitaki hata kwa dawa.

Wiki moja baada ya gunia kupasuka, simu ikaita.

"Haloo, Kulu."

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, wa kabichi."

"Kabichi gani? Hapa tunauza wali."

"Ile iliyokonda."

Kulusumu akageukia ukutani ili shangazi asione meno yake. "Uko wapi?"

"Kampala. Tangu asubuhi natafuta hoteli nzuri za Wachina. Nimepata mbili, na moja ya Wajapani."

"Tatu kwa siku moja? Hilo tumbo ni gunia jingine?"

"Aa... mimi naonja tu."

"Na Wajapani wanakula nini?"

"Samaki mbichi."

"Mbichi! Hata moto haujamsalimia?"

"Haujamwona. Mpishi ana kisu kirefu, lakini anakata polepole kama anamnyoa bwana harusi."

"Na hoteli nzuri wewe unaijulia wapi?"

"Nzuri ni ile haikusimamishi mlangoni. Wanakupokea, wanaangalia, wanakuambia asante, kwisha."

"Kumbe wewe mtu wa maisha, Nasru."

Sauti ikawa ndogo: "Kidogo kidogo."

Wakaendelea hivyo miezi mitatu. Akiwa Busia alikuja kula kwa Hamidah, akavuta benchi la karibu na jiko. Akiwa safarini alipiga simu, akasimulia. Alimpa Kulusumu moto unaoruka hadi kwenye dari, makarai yanayorushwa kama watoto, mpishi anayegombana na tangawizi. Kulusumu alisikiliza akikoroga njugu, akajiona yuko huko. Ila jambo moja alilishika: kijana huyu alisimulia jiko, moto, jasho la mpishi, lakini hakuwahi kusimulia kiti. Hakusema alikaa wapi, nani alikuwa meza ya pili, kulikuwa na kitambaa au hakukuwa. Kulusumu akaliweka hilo pembeni moyoni, kama mtu wa mpakani anavyoweka sarafu asiyoijua ni ya nchi gani. Hakuitupa, na hakuinunulia kitu.

Nasrudin alipoomba ruhusa ya kuleta wazee, Hamidah alimwita mpwa wake nyuma ya hoteli, penye masufuria.

"Nimewapa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya swala," akasema. "Lakini Alhamisi nataka neno lako. Waje, au wasije. Kijana ni mpole, kola yake safi. Lakini mtu wa safari ni mtu wa safari. Mimi pilau ya kulisha majirani nimepika mara moja. Ya pili sipiki."

"Nimesikia, shangazi."

"Umesikia kwa sikio. Sikia na kwa tumbo."

Kwa hiyo Nasrudin aliposema, "Kulu wangu, Jumapili nataka nikupeleke Tororo, kwenye hoteli ya Wachina, ukae ule kama malkia," Kulusumu akakubali haraka. Alitaka kukiona kile kiti.

"Nguruwe!" Hamidah akapiga kelele toka jikoni. "Huko wanapika nguruwe!"

"Nitauliza kwanza, shangazi," Nasrudin akasema. "Tutakula samaki na mboga tu."

*

Siku hiyo Kulusumu alivaa dera la zambarau lenye maua meupe, na viatu vya kisigino alivyoazimwa na Wilkister kutoka kwenye meza ya mitumba.

"Ni namba thelathini na nane," Wilkister akasema.

"Mimi navaa thelathini na tisa."

"Mapenzi hufinya, dada yangu. Na usivichafue, bado viko sokoni."

Nasrudin alikuwa na suti ya kijivu. Buti za mpira hazikuwepo. Alinukia sabuni mpya, na njia nzima hadi Tororo alikuwa akimeza mate kama mtu anayekwenda kwenye mtihani.

Hoteli ilikuwa kwenye barabara ya kwenda kiwandani, imepakwa rangi nyekundu, na kutoka mlangoni kwake ule mwamba mkubwa wa Tororo ulionekana wote. Kibao kilisema chakula cha Kichina na Kijapani. Ndani, Wachina wawili wa kiwandani walikuwa wanakula bila kuongea. Mhudumu akaja, msichana wa Paya aitwaye Shallon, aliyekuwa na wiki moja tu kazini na alijitahidi kutabasamu kwa kila kitu.

"Karibuni. Chinese au Japan?"

"Japan," Nasrudin akasema kwa sauti ya mtu wa maisha.

"Japan iko Jumamosi peke yake."

"Basi ile nyingine. Iko nguruwe?"

"Iko," Shallon akatabasamu. "Nilete ngapi?"

"Usilete! Nauliza ili usilete!"

"Kale, sawa, sileti. Sasa nilete nini?"

Nasrudin akafungua orodha, akaifunga. "Ile ya kawaida."

"Ya kawaida gani, ssebo?"

Kulusumu aliona jasho linatoka chini ya kola iliyopigwa pasi. Akamwonea huruma, akaingilia kama anavyoingilia mteja anayeshindwa kuchagua.

"Dada, chakula gani iko?"

"Wali iko. Tambi iko."

"Na sosi?"

"Sosi iko."

"Basi. Wali na sosi, sahani mbili."

Sasa, kwetu huku, chakula ni kile kinachojaza tumbo: wali, ugali tunaouita posho, matoke. Sosi ni kile kinachokisindikiza: nyama, samaki, maharage, njugu. Ukisema "wali na sosi" umemaliza kila kitu, hata mtoto wa chekechea angekuletea. Na Shallon wa Paya kwao anajua hivyo. Lakini wiki nzima bosi wake, mama wa Kichina ambaye wote walimwita Madam, alikuwa amemfundisha kwa kidole kwamba humu ndani sosi ni kitu kimoja: ile chupa ya soya.

Akaleta wali, mweupe, bakuli mbili ndogo. Akaleta na visahani viwili, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, vyenye maji meusi. Akatabasamu, akaondoka.

Kulusumu akakitazama kisahani. Akangoja nyama ije. Nyama haikuja. Ni kama wameletewa oili ya gari.

"Nasru. Hii nini?"

"Ndiyo sosi yao."

"Hii? Mbona haitoshi hata kulowesha kidole?"

Hapo ndipo angesema, "Kulu, sijui." Maneno mawili. Dunia ingeendelea. Lakini Wachina wale wawili walikuwa wamegeuka, na suti ilikuwa ya heshima, na neno "zote" lilikuwa bado linamdai.

"Kampala wanafanya hivi," akasema. "Inanywewa kwanza. Inafungua tumbo."

"Inanywewa?"

Nasrudin akainua kisahani, akasema bismillahi, akanywa yote.

Macho yake yakajaa maji. Shingo ikatoa mishipa. Lakini akatabasamu, na meno yake yalikuwa meusi kama ya mzee wa tumbaku.

"Tamu?" Kulusumu akauliza polepole.

"Sana."

"Basi nimekuachia na yangu."

Akakisukuma kisahani cha pili mezani. Akamtazama. Alimpa kila nafasi, maana macho yake yalikuwa yanamwambia: sema tu, Nasru, sema tucheke. Nasrudin akakitazama kisahani kama mtu anayetazama mto uliojaa. Akakinyanyua. Akanywa na hicho.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, akatoka Madam, mwanamke mfupi mwenye aproni ya plastiki, amekuja kuona wateja. Akamwona Nasrudin. Akapiga mikono.

"Kabichi! Kabichi! Leo si Jumanne! Kwa nini wewe hapa? Nyuma, nyuma!"

Na Nasrudin, Mungu amsamehe, akasimama. Miguu ilitii kabla kichwa hakijaulizwa. Alishapiga hatua tatu kuelekea mlango wa nyuma, suti na yote, ndipo akakumbuka kwamba ameacha mtu mezani.

Akageuka. Kulusumu naye alikuwa amesimama.

"Umekula hapa mara ngapi, Nasru?"

"Kulu..." Sauti ilikwaruza. Chumvi ilikuwa imeikausha.

"Na Kampala? Wale Wajapani? Yule mwenye kisu?"

"Kulu, ngoja. Maji. Ngoja ninywe maji."

Kulusumu hakungoja. Akavua viatu vya Wilkister, akavishika mkononi visichafuke, akatoka peku kwenye lami ya moto. Si wali uliomuuma, wala visahani. Alikuwa anasikia simu ya Eldoret ikilia tena. Mtu anayeweza kunywa chumvi ile ili asiseme kweli, ni kitu gani kingine anakimeza?

*

"Nilikwambia," Wilkister akasema, akikagua nyayo za viatu. "Watu wa magari ni hivyo. Busia mke, Kampala mke, Nairobi mke na shamba la kuku."

"Hukuniambia kitu, Mama Cate. Uliniambia mapenzi hufinya."

"Si ndiyo hiyo hiyo."

Simu ya Kulusumu ikazimwa wiki nzima. Hamidah hakuuliza. Alihesabu siku tu kwa vidole, kwa sauti, akiosha mchele: Jumatano, Alhamisi... Hamu ikampata Kulusumu, akaikalia. Njugu zikaungua mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku ya Eldoret.

Jumatatu ya wiki ile ya wazee, simu ya hoteli, ile ya kupokelea oda, ikaita. Hamidah alikuwa na unga mikononi.

"Pokea wewe."

"Haloo, Hoteli ya Hamidah."

"Naomba oda," sauti ikasema. Kulusumu akaijua kabla haijamaliza kuomba. Akaamua kuwa mtu wa kazi.

"Chakula gani?"

"Wali."

"Na sosi?"

"Ndiyo."

"Sosi gani, bwana? Iko nyama, iko maharage, iko njugu."

"Yoyote," sauti ikasema kwa unyenyekevu, "isiyo nyeusi."

Kulusumu akauma mdomo hadi ukauma kweli. "Inapelekwa wapi?"

"Hapa ng'ambo ya barabara."

Akachungulia. Nasrudin alikuwa amesimama kando ya lori, simu sikioni, buti za mpira miguuni, shati halina hata pasi.

"Hatupeleki ng'ambo," Kulusumu akasema.

"Basi nitakula kwa masikio. Kulu, niulize. Chochote. Nikidanganya, gari lile linikanyage."

"Gari lile limezimwa."

"Nitaliwasha mwenyewe."

"Una mke Kampala?"

"Sina mke hata Dabani."

"Nairobi?"

"Nairobi huwa inakwenda kabichi peke yake. Mimi sijawahi kupita Bungoma."

"Umekula hoteli za Wachina mara ngapi?"

"Mara moja. Ile na wewe." Akasita. "Na hata hiyo sikula. Nilikunywa."

Kicheko kilimponyoka Kulusumu puani, akakikamata kwa mtandio. Hamidah, ambaye hakuwa anasikiliza hata kidogo, akasogea karibu na unga wake.

"Kwa nini hukusema, Nasru? Mtu kuuza kabichi ni aibu?"

"Si aibu. Kabichi imenilea. Lakini ulisema, 'Wewe mtu wa maisha.' Hakuna mtu alishawahi kuniambia hivyo. Nikampenda sana huyo mtu wa maisha, Kulu. Nikataka akae. Kila nikitaka kumfukuza, namwona amevaa suti." Akavuta pumzi, hata ng'ambo ilionekana. "Zile hoteli ninazijua kweli. Lakini nazijua kwa mlango wa nyuma. Mbele sijui hata mkono unawekwa wapi."

Sasa Kulusumu alijua kwa nini habari zake zote hazikuwa na kiti. Moto ulikuwa wa kweli, na kisu, na jasho la mpishi. Mtu huyu alikuwa amemsimulia alichokiona akiwa amesimama mlangoni na gunia begani. Lakini maneno ni maneno. Yule wa Malaba naye alikuwa na maneno mazuri, tena ya manukato.

"Kesho Jumanne," akasema.

"Jumanne, ndiyo. Napeleka Tororo."

"Nipeleke unapopajua."

"Nyuma? Kulu, nyuma ni moshi na maji ya mchele."

"Mimi nakaa wapi siku zote, Nasru? Ikulu?"

Akakata simu. Hamidah akajifuta unga.

"Amesema nini?"

"Amesema hajawahi kupita Bungoma, shangazi."

"Hm," Hamidah akasema. "Huo si uongo. Hakuna mtu anayejitungia hivyo."

*

Asubuhi ya Jumanne Kulusumu alivaa dera lake la kijani la kazini na ndara. Akapanda mbele kwenye pikapu ya baba yake Nasrudin, gunia moja la kabichi miguuni kwa sababu nyuma kulijaa.

Mlango wa nyuma ulikuwa wa bati, na ulikuwa wazi. Kulusumu hakuwa ameingia hatua mbili akahisi mwili umelegea, kama mtu aliyerudi kwao. Mvuke. Tangawizi. Kisu kinapiga ubao, ta-ta-ta-ta. Karai moja kubwa juu ya moto wenye sauti, mpishi analirusha, mboga zinapaa, zinageuka hewani, zinarudi zote bila kukosa moja. Yalikuwa yale yale aliyosimuliwa kwenye simu. Hata ile kofia ya mpishi iliyoungua upande mmoja, aliwahi kuambiwa.

"Kabichi!" Madam akaja, akaona aliye nyuma yake. Akamtazama kutoka mtandio hadi ndara. "Huyu Kulu?"

Kulusumu akashtuka. "Ananijua?"

"Mimi najua! Wote najua!" Madam akaonyesha jiko zima kwa mwiko. "Kila Jumanne, Kulu, Kulu. Kulu pika njugu. Kulu shika sinia, hapana mwaga. Sisi choka!"

Nasrudin alikuwa anapanga kabichi kwenye rafu kwa bidii ya ajabu, masikio yamemwiva.

"Na yeye hula nini hapa, Madam?" Kulusumu akauliza. Lilikuwa swali la mwisho alilobaki nalo, na aliliuliza kwa utulivu, kama anauliza bei ya chumvi.

"Yeye? Kula hapana! Miaka mbili mimi sema, njoo, kaa, kula. Yeye hapana, yeye Isilamu, ogopa nguruwe. Kaa pale." Mwiko ukaonyesha kreti ya soda iliyopinduliwa kando ya mlango. "Anatoa muhogo mfukoni. Muhogo! Mimi iko jiko kubwa, yeye kula muhogo ya mfuko!"

Kulusumu akaitazama ile kreti. Plastiki yake nyekundu ilikuwa imepauka katikati, pale mtu mmoja alipokuwa akikaa, Jumanne baada ya Jumanne. Hatimaye alikuwa amekiona kiti.

Shallon akatokea mlangoni, akamtambua, akaficha uso kwa trei. "Dada, nisamehe! Niliambiwa sosi ni ile chupa!"

"Hukukosea, mdogo wangu. Sisi ndio tulikunywa."

Madam akacheka hadi akashika meza. Kisha akatoa kabatini karai jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa, akalisugua mwenyewe mbele yao, akamwonyesha Kulusumu ndani kama anayeonyesha kioo. "Jipya. Nguruwe hapana. Mafuta ya mbegu. Yai, kabichi, tambi. Sawa?"

"Sawa, Madam. Asante."

Moto ukapiga kelele. Kulusumu akasimama karibu, akahesabu kimoyomoyo: tangawizi kwanza, kabichi bua kabla ya jani, ile nyeusi matone tu, matone, si kisahani. Haikupita muda bakuli likawa mikononi mwake. Nasrudin akamvutia kreti, akaifuta kwa mkono wa shati. Akakaa. Nasrudin akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi, hata huku nyuma.

"Kulu," akasema. Jiko likapunguza kelele lenyewe. Mpishi alikuwa ameshusha moto. "Kesho kutwa shangazi yako anataka neno. Mimi sina suti, ile nimeirudisha kwa Jamil aliyeniazima. Nina pikapu ya baba, kabichi za baba, na simu. Hoteli nzuri za mjini nitakupeleka tukijifunza pamoja, na kama hatujui kitu, tutauliza. Hayo ndiyo yote niliyonayo." Akavua kofia yake. "Nakuomba. Ijumaa wazee wangu waje?"

Kulusumu alikuwa ndiyo kwanza ametia tambi mdomoni. Ilikuwa moja, lakini haikuwa na mwisho. Ilitoka kinywani ikashuka hadi kwenye bakuli na huko ikajikunja isijulikane inakoishia. Akataka kuikata kwa meno ajibu.

"Usikate!" Madam akapaza sauti, mwiko juu. "Kwetu, tambi ndefu ni maisha ndefu! Wewe kata, wewe haribu! Vuta tu, vuta!"

Kulusumu akafunga midomo, akavuta. Shallon akashusha trei. Mpishi akazima moto kabisa. Nasrudin alikuwa ameikunja kofia yake mikononi hadi ikawa ndogo kama andazi, na macho yake yalikuwa yanafuata ile tambi inavyopanda, kidole kwa kidole, kutoka bakulini kwenda juu.

Kulusumu alimtazama juu ya ukingo wa bakuli, macho yakicheka. Alivuta. Tambi ilikuwa bado ndefu, naye hakuwa na haraka.